Daftari moja, misiba mbele, sherehe nyuma

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa, na ndugu zangu wa makanisa mengine Bwana Yesu asifiwe sana. Hii ya leo ni ndefu, nimeiandika kidogo kidogo usiku watu wakilala, kwa hiyo isome ukiwa umetulia.

Mi ni mhazini wa jumuiya. Jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki huku kwetu Kimara, Dar es Salaam, nyumba kama kumi na kitu za mitaa inayopakana. Kazi ya mhazini mnaijua, unapokea michango, unaandika, unakumbusha kwenye grupu la wasapu mpaka watu wanakuchoka, Jumamosi asubuhi baada ya sala unasoma taarifa. Daftari letu ni kauntabuku ya kwaya tatu, nimelipokea kwa mama aliyekuwa mhazini kabla yangu akahamia Dodoma, na yeye alilipanga hivi: ukifungua kwa mbele ni misiba na wagonjwa, ukiligeuza ukafungua kwa nyuma ni sherehe. Ndoa, ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara, sendofu, jubilei. Majina ni yale yale pande zote mbili. Unakuta baba fulani mbele kaandikiwa rambirambi ya mama yake mzazi mwezi wa tatu, geuza, mwezi wa tano mwanae anapata komunyo na huyo huyo baba kaleta kreti za soda watu wanacheza uani kwake mpaka usiku.

Naona vijana wengi, na watu wazima pia, wanahangaika sana na lile swali la kusudi la Mungu kwenye maisha yangu ni nini. Wanalipia semina, wanafunga, wanatafuta mtu awatabirie. Nawaelewa kabisa, ni swali zito. Mimi langu nililikuta kwenye mstari mmoja wa Mtakatifu Paulo, Warumi 12:15, "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao." Basi. Na kwa jinsi nilivyoishi mimi, ile nusu ya kwanza ya mstari ndo iliyonigharimu. Ya pili ukiwa na moyo wa nyama inakuja yenyewe.

Nieleze nilivyofika hapo.

Nilipoteza mtoto. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nane, nguo zimeshafuliwa zimekunjwa, beseni limenunuliwa, jina lipo. Siku moja nikaona kimya. Mama yeyote aliyebeba anaijua ile hali, kila jioni nikikaa kula alikuwa anacheza, siku hiyo nikala hajacheza, nikanywa maji ya baridi hajacheza, nikalalia ubavu wa kushoto kama walivyotufundisha kliniki, kimya. Kesho yake kwenye ultrasaundi daktari kijana akazungusha kile kifaa tumboni muda mrefu sana bila kusema neno, halafu akaenda kumwita mwenzake. Nikajua kabla hawajafungua mdomo.

Wakanianzishia uchungu. Sitaelezea leba, ila watu waelewe kitu kimoja, nilizaa kama wanavyozaa wengine, uchungu ule ule, nyuzi zile zile, halafu nikarudishwa wodi ya wazazi, kitanda cha kulia kichanga, cha kushoto mapacha. Hospitali siitaji na wala sina kesi na mtu, wodi ilikuwa imejaa na manesi wachache. Nesi mmoja wa zamu ya usiku alikuja akafunga khanga yake kwenye vyuma vya kitanda changu ikawa pazia, hakusema kitu, akaendelea na wagonjwa wake. Mungu ambariki popote alipo.

Waliozika ni mume wangu na kaka yake, mimi bado niko kitandani.

Niliporudi nyumbani hapakuwa na turubai wala viti, hakuna aliyekuja kulala. Kwetu huku mtoto aliyezaliwa amekufa hawekewi tanga. Wanakuja wawili watatu, wanakaa kidogo, wanasema utapata mwingine, wanasema Mungu anajua, kuna aliyesema bora hukumzoea, wanaondoka. Siwalaumu kwa kweli, ndivyo tulivyokuzwa, mama zetu na bibi zetu walimeza hivyo hivyo na kesho yake wakaenda shambani. Lakini ndani ya nyumba nilikuwa naona kama nina msiba ambao ni mimi tu niliyeambiwa. Halafu siku ya tatu maziwa yakaja. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba maziwa yatakuja tu, mwili haujui.

Aliyenishika mkono hapo ni mwenyekiti wetu wa jumuiya, bibi mmoja wa Kihaya, mjane, katoka Bukoba miaka hiyo na Kiswahili chake mpaka leo kina lafudhi ya kule. Alikuja kumekucha tu, ana ndoo mkononi, akamwambia mume wangu, "Baba, niwashie moto." Akachemsha maji. Akanifuata chumbani, nikamwambia bibi, mbona mtoto hayupo, unanikanda wa nini? Akanijibu kama mtu anayeshangaa swali, "Wewe si umezaa? Mzazi anakandwa." Akanikanda tumbo na mgongo kwa taulo la maji ya moto asubuhi na jioni, vile vile anavyokandwa mama mwenye kichanga kitandani, akanifundisha kukamua maziwa kidogo tu ili nipumue, akaniletea uji wa ulezi uliotiwa pilipili manga, na mtori akampa oda jirani yetu wa Kichaga maana alisema yeye mtori wake haufiki ule. Hakunihubiria. Jioni akishamaliza alikuwa anatoa rozari kwenye pindo la khanga, anasali Matendo ya Uchungu kwa sauti ya chini, nikiitikia sawa nisipoitikia sawa, anafunga mlango anakwenda.

Siku moja katikati ya kukanda akaniuliza, "Mwanangu, mtoto mlimwita nani?" Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza. Nikamtajia, akalirudia jina lile polepole, na kuanzia siku hiyo mpaka leo ananiita mama wa jina hilo, hata mbele za watu, hata kwenye kikao.

Nimezaliwa Mkatoliki, nimepita mafundisho yote, sala nazijua tangu utoto. Ila imani ya kusema hii sasa ni yangu mimi, siamini kwa sababu mama aliamini, ilianza pale kwenye lile taulo. Nilikuwa namuuliza Mungu uko wapi, swali la kweli kabisa, na kila asubuhi saa kumi na mbili mlango unagongwa. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo.

Kipindi hicho hicho ndugu mmoja kwa upendo tu alinipeleka kwa mtumishi anayejulikana kwa maombezi. Nikaambiwa kuna laana kwenye ukoo wa mume wangu, kuna mwanamke amefunga tumbo langu, na kuna sadaka ya kulifungua. Nilitoka pale nimevurugika kuliko nilivyoingia, kwa sababu mtu ukiwa na maumivu ukipewa na adui wa kumchukia unamchukua haraka sana, nikaanza kumwangalia mama mkwe wangu kwa jicho lingine, mama ambaye hajawahi kunikosea. Nashukuru nilifungua Injili ya Yohane sura ya 9, wanafunzi wanamuuliza Yesu kuhusu yule kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Na Yesu anawajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Nilisoma hapo mara nyingi sana. Naomba dada yeyote anayesoma hapa naye ameambiwa habari za laana asome hapo kabla hajatoa shilingi.

Na upande wetu Wakatoliki nako kulikuwa na jambo linanitesa. Mtoto hakubatizwa. Nilikua nikisikia wazee wakisema mtoto asiyebatizwa haingii, anakaa mahali pake huko. Nikamuuliza paroko, yaani padre msimamizi wa parokia yetu, nikitetemeka kabisa. Akanifungulia Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 1261, kwamba watoto hawa Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu, na pale pale wamenukuu Yesu akisema waacheni watoto waje kwangu. Akaniambia mwaka 2007 ile Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikani ilitoa andiko zima juu ya jambo hili, Papa Benedikto wa 16 akaridhia litolewe, na linasema zipo sababu nzito za kutumaini kwamba Mungu anawaokoa. Akaongeza kwamba hata sheria ya Kanisa, kanuni ya 1183, inamruhusu askofu wa jimbo atoe ruhusa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza akafa kabla, azikwe kwa ibada ya Kanisa. Haya yote yapo, yameandikwa, na mimi na mume wangu hatukuyajua, kaka mtu amebeba jeneza dogo kwenye bajaji kama vile wanaficha kitu. Ndo maana naandika. Kuna mama yuko wodini leo hajaambiwa.

Sasa kurasa za nyuma.

Kulikuwa na jirani yangu, wa jumuiya hiyo hiyo, tulipata mimba karibu pamoja. Kliniki tulikuwa tunakwenda wote, foleni tunakaa benchi moja. Yeye alijifungua wiki chache baada yangu, mtoto mzima, ana afya. Nilimsikia akilia, yule mtoto, maana ukuta wetu ni mmoja. Usiku mzima nasikia kile kilio cha kichanga na mama yake anaimba, na mimi kifua kinauma. Hapo hakuna Paulo wala nani, hapo ni mtu na ukuta.

Muda ukapita, wakapanga ubatizo, na huyu dada akaja kwangu na mume wake wakiwa wamevaa vizuri, nikajua wana jambo. Wakaniomba niwe mama wa ubatizo wa mtoto wao.

Nilinyamaza. Nikawaambia nipeni siku chache. Wala hawakukosea, nataka nieleweke, mpaka leo naamini hawa watu walitumwa. Ila ndani yangu kulikuwa na moto. Kwenda msibani kwa mtu nilikuwa naweza muda wowote, tena tangu yanipate nimekuwa mwepesi zaidi, nikisikia turubai limefungwa mtaa wa tatu nimeshafika nachambua mchele. Lakini kushika mtoto wa rika la mwanangu, nimshikie nguo nyeupe, nitabasamu kwenye picha?

Nikarudi kwa paroko, nikamuuliza ni dhambi nikikataa? Akasema hapana, si dhambi, na kama hujaweza waambie tu hujaweza watakuelewa. Halafu akanisimulia habari za Mtakatifu Yohane Krisostomo, yule mwalimu wa Kanisa aliyekuja kuwa askofu wa Konstantinopoli na kufa mwaka 407. Alipokuwa anaueleza Waraka kwa Warumi alipofika kwenye huu mstari alisema kufurahi na wanaofurahi kunahitaji roho kubwa kuliko kulia na wanaolia, maana mtu akipatwa na balaa hakuna mwenye moyo mgumu kiasi cha kutomlilia, maumbile yenyewe yanatusukuma, ila mwenzio akipata, hapo unahitaji roho bora sana, usimwonee wivu na tena uionje furaha yake kama yako. Na ndiyo sababu, anasema Krisostomo, Mtume ameanza na furahini, lieni ikafuata. Mtu aliyekufa miaka zaidi ya elfu moja na mia sita iliyopita alikuwa anajua habari za mimi na ule ukuta wetu wa Kimara.

Nikaenda nyumbani nikasoma ile harusi ya Kana, Yohane sura ya 2, sijui hata kwa nini nilifungua pale, labda kwa sababu siku zote naandika michango ya harusi za watu. Tumezoea kuisoma kwa ajili ya muujiza wa divai. Mimi safari hii nilimwona Mama Maria tu. Yeye ni mgeni mwalikwa kama wengine, na ndiye anayeona kwamba divai imekwisha, kabla ya mkuu wa meza, kabla ya bwana harusi. Anamwambia Mwanae, "Hawana divai." Hii ni kazi ya mama wa kamati kabisa! Kila sherehe ina mama mmoja ambaye hakai, anazunguka jikoni, anachungulia sufuria, anajua wali utapelea kabla MC hajajua, na anahangaika kimya kimya wenye shughuli wasiaibike. Na huyu Maria si mtu asiye na lake moyoni. Luka sura ya 2 mzee Simeoni alishamwambia mtoto akiwa bado mchanga kwamba upanga utaingia moyoni mwake. Anaishi na hilo neno miaka yote. Na bado yuko kwenye harusi ya watu anahangaikia divai yao.

Hapo ndo nilipoelewa kwamba kufurahi na wanaofurahi sikuamriwa nijisikie vizuri. Niliamriwa niilinde furaha yao. Moyo wangu unaweza kuwa na upanga na mikono yangu ikawa jikoni inahakikisha sherehe ya mtu haiharibiki, na hiyo Mungu anaihesabu kuwa furaha. Wengine mtanipinga, mtasema furaha lazima itoke moyoni, sawa, ila mimi moyo wangu ulifuata baadaye sana, mikono ndo ilitangulia.

Nikawaambia ndiyo.

Siku ya ubatizo niliamka alfajiri nikapika kwanza. Kanisani tulikuwa watu wengi, watoto wengi, joto, vichanga vinalia kwa zamu. Padre akatuuliza wasimamizi kama tuko tayari kuwasaidia wazazi wa mtoto huyu, tukaitikia tuko tayari. Mtoto akamwagiwa maji, akapakwa Krisma, yale mafuta matakatifu, nikamfunika kile kitambaa cheupe, baba yake akawasha mshumaa kwenye mshumaa wa Pasaka, halafu mama yake akaniwekea mtoto mikononi bila kuniuliza. Alikuwa mzito. Mikono yangu ilikuwa imeusubiri uzito kama ule. Nililia, sikuficha, mama yake naye analia, tumeshikana, na picha zote za ile siku tuna macho mekundu. Jioni nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma nikalala mapema. Sikuamka nimepona. Kwa hiyo nikisema nilipata furaha naomba usiwaze filamu. Ila kile kilio cha usiku ukutani, tangu siku hiyo, nikikisikia nilikuwa nasema huyo mwanangu kaamka.

Sasa hivi anaongea, ana maneno mengi, Jumamosi jumuiya ikiwa kwetu anakuja kabla ya wazazi wake kuniuliza kama kuna chapati.

Niwarudishe kwenye kauntabuku, maana kuna jambo tulifanya nataka na jumuiya nyingine wafikirie. Kwenye jumuiya yetu msiba wa mwanajumuiya kila nyumba inatoa elfu tano, tunakwenda kusali, tunapika. Utaratibu wetu ulikuwa unataja mume, mke, mtoto, mzazi. Mtoto aliyezaliwa amekufa au mimba iliyotoka haikutajwa popote. Kwa hiyo mimi mwenyewe jina langu halipo kwenye kurasa za mbele kwa mwanangu. Nikaomba hoja iingie kwenye kikao. Jamani kikao kilikuwa kirefu. Mzee mmoja namheshimu sana akasema kwa mila zetu hilo ni jambo la wanawake ndani, kulitangaza ni kumuumiza mama zaidi. Na ana hoja, wapo akina mama ambao hawataki mtu ajue, na tulikubaliana mama mwenyewe lazima aulizwe kwanza. Mwingine akauliza bajeti, tukianza hivi tutaishia wapi. Kijana mmoja akapendekeza iwe elfu mbili, nusu nusu hivi. Bibi yetu mwenyekiti alikuwa kimya muda wote, hapo akauliza, "Huyo mzazi atakula nusu?" Hakuna aliyejibu, ikapita elfu tano.

Kuna watu wanasema hizi jumuiya siku hizi ni michango tu, na ukitaka mtoto abatizwe mpaka mwenyekiti asaini kwamba unahudhuria. Nayajua malalamiko, mengi nayapokea mimi. Ila hazikuanzishwa kwa ajili ya hela. Maaskofu wetu wa AMECEA, ule umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 walianza kulizungumza, na mkutano wa 1976 wakaufanya ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha Kanisa ukanda huu wote, kwamba Kanisa lishuke mpaka pale ambapo watu wanajuana kwa majina, wasome Neno pamoja wajue nani anaumwa na nani hajala. Parokia ina maelfu ya watu, padre wawili watatu, nani angekuja na ndoo ya maji ya moto kwangu kama si jumuiya?

Tangu kile kikao simu zilianza. Bibi ananitumia meseji fupi, kuna binti mtaa fulani, jana usiku, nenda. Au mtu wa jumuiya nyingine kabisa, Mlutheri, Mwislamu, wamesikia tu kuna mama anajua habari hizi. Nachukua thamosi ya uji, nakwenda. Nikifika siongei sana. Naanza kuuliza kama maziwa yameanza kutoka, kwa sababu najua hakuna aliyemuuliza. Nauliza kama baba wa mtoto amekula. Namuuliza kama alimwona mtoto, kama anataka kunisimulia alifanana na nani. Wengi wanasimulia kwa saa nzima, alikuwa na nywele nyingi, alikuwa na vidole virefu kama vya baba yake. Mimi nasikiliza. Nikiona anataka tusali tunasali, nikiona hataki nakaa. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa mwaka 2021 peke yake karibu watoto milioni 1.9 duniani walizaliwa wakiwa wamekufa baada ya wiki 28 za mimba, na kila mmoja hapo ana mama aliyekuwa ameshakunja nguo.

Nimekuja kuona pia kwamba Injili ya Yohane ishara ya kwanza ni harusini Kana na ile kubwa ya mwisho kabla ya mateso ni msibani Bethania, kwa Lazaro. Bwana anajua kabisa anakwenda kumfufua rafiki yake, amewaambia hata wanafunzi, na bado alipomwona Mariamu dada wa Lazaro na wenzake wanalia, "Yesu akalia machozi." Hakuwaambia nyamazeni nina mpango. Mtu mwenye jibu mkononi amelia kwanza. Basi mimi nisiye na jibu nitasema nini zaidi ya hapo.

Mume wangu sijamsahau. Wanaume wanaumia kwa namna yao, na kwenye habari hizi hakuna anayewauliza kabisa. Wangu hakuzungumza muda mrefu sana. Siku moja, baada ya misa ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, akaniambia twende nikuonyeshe. Tukatembea mpaka makaburini, akanipeleka kona moja, pale kaweka bloku nne kazichimbia pembe nne, kapalilia, pasafi. Kumbe alikuwa anapita kila akipata nafasi akitoka kazini. Tulisimama pale tukasali Raha ya milele umpe ee Bwana, akanishika bega akasema alikuwa na uso wako. Sasa tunakwenda wote. Sijapata mtoto mwingine mpaka leo naandika, na naomba msiniandikie utapata, mkitaka kuniombea niombeeni tu, Mungu atafanya atakavyo na mimi nipo.

Kuna dada aliniuliza wiki iliyopita, ana msiba kama wangu, mbichi, na wifi yake anafanyiwa kichen pati mwezi ujao, aende au asiende? Nikamwambia kama hujaweza usiende, tuma mchango wako mapema, tena utume mwenyewe kwa jina lako. Ukiweza nusu, nenda asubuhi ukasaidie kumenya vitunguu na kupanga sahani, hapo kila mtu ana machozi, watu wakianza kufika vaa viatu vyako rudi nyumbani. Aliniambia atakwenda asubuhi.

Mwaka huu tumemwomba paroko mwezi wa Novemba, mwezi wa marehemu, iwepo misa moja kwa ajili ya watoto waliokufa tumboni na waliokufa wachanga, na amekubali. Itakuwa jioni, siku ya kazi, ili na akina baba wakitoka kazini wapite. Majina naanza kuyapokea mwisho wa Oktoba, ya miaka yoyote, kuna bibi ameshaniletea la mtoto wake wa kabla hata sijazaliwa. Anayesali parokia yetu anipe mkononi baada ya misa ya kwanza, mwingine aongee na paroko wake, wengi wakiombwa hawakatai. Na kama mtoto hakupewa jina andika jina lako wewe mama, au lako wewe baba, na neno mtoto mbele yake, paroko amesema inatosha.